Nani Anastahili Kushinda? Mawazo Juu ya Karata za Kwenye Simu

Swali lenyewe ni hili: mtu akishinda kwa karata alizonunuliwa, ameshinda kweli? Vijana wangu hapa Giteranyi wananiuliza hilo karibu kila Jumamosi, na mimi niliyeishia sekondari sina profesa wa kumpigia simu. Kwa hiyo naliandika hapa ili wasomaji wa jarida letu mnisaidie kufikiri, wakaaji wa kambi na nyinyi wafanyakazi wa mashirika pia, maana mtaona mbele kwamba na nyinyi linawagusa.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Unaitwa Pokémon TCG Pocket, ni wa kwenye simu, ulitoka tarehe 30 Oktoba 2024. Ila ukoo wake ni wa zamani. Karata za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996, na kabla yake, mwaka 1993, Mmarekani mmoja mtaalamu wa hesabu, Richard Garfield, alikuwa ametoa Magic: The Gathering. Yeye ndiye alileta jambo jipya. Karata tulizozizoea, za kopa, uru, shupaza na pau, ni 52 na tunazichezea pamoja. Zikichanganywa, kila mtu anachukua anachogawiwa. Kwa Garfield kila mchezaji anakuja na fungu lake, alilolipanga mwenyewe nyumbani. Vijana wanaliita deki. Yaani mchezo unaanza kabla ya mchezo.

Ndiyo maana sikubaliani na ule msemo wanaopenda kututolea kwenye semina, kwamba maisha ni kucheza vizuri karata ulizogawiwa. Katika deki hugawiwi tu. Unachagua ni karata zipi zitakuwa na nafasi ya kukufikia. Bahati ipo, lakini wewe ndiye umeijengea nyumba.

Sheria ni chache. Deki ni karata 20, wala zaidi wala pungufu. Karata yenye jina moja haizidi nakala mbili. Unaanza na karata tano mkononi, na wa kwanza kufikisha pointi tatu anashinda. Ukimwangusha mnyama wa kawaida wa mwenzako unapata pointi moja, ukiangusha mkubwa anayeandikwa ex unapata mbili. Basi angalia mtego ulivyo: karata yenye nguvu ndiyo hiyohiyo inayompa adui pointi mbili ikifa. Pikachu ex, kwa mfano, ana uhai 120, na akiwa na wenzake watatu wa umeme kwenye benchi anapiga 90 kwa nishati mbili tu. Kali sana. Lakini akianguka, umebakiza pointi moja kabla ya kushindwa.

Halafu kuna hesabu. Ukiweka nakala moja ya karata ndani ya 20, nafasi ya kuiona katika tano za mwanzo ni 25 kwa 100. Ukiweka mbili, inapanda hadi karibu 45. Kwa hiyo kila unachoongeza kinapunguza kingine. Kijana anayeng'ang'ania kuweka wanyama sita tofauti kwa sababu wote ni wazuri, deki yake haifiki popote, maana yule anayemhitaji yuko chini ya fungu. Nishati nayo haimo kwenye zile 20, unatangaza aina tu. Ukitangaza moja unajua kitakachokuja. Ukitangaza mbili, kila zamu simu ndiyo inaamua. Nimeona vijana ambao shuleni hesabu iliwashinda wakibishana nusu saa kama waongeze karata moja au watoe. Sijawahi kuona somo lililowafanya wakae hivyo.

Sasa karata zinapatikanaje? Bila hela unafungua pakiti moja ya karata tano kila baada ya saa 12, yaani mbili kwa siku. Kila pakiti inakupa pia pointi tano za kununulia. Karata ya ex yenye alama ya almasi nne inauzwa pointi 500, za seti ileile. Piga hesabu: pointi 10 kwa siku, siku 50 kwa karata moja. Ukitaka nakala mbili ni siku 100, kama bahati haikukuokoa katikati. Mwenye hela anafungua pakiti nyingi jioni moja tu akamaliza.

(Wazazi wanaouliza kama huku kulipia pakiti usiyojua ndani kuna nini ni kamari: hamjakosea kuuliza. Mwaka 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji, nchi iliyotutawala hapa mpaka 1962, ilisema masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa ndani ya baadhi ya michezo ya video ni kamari. Kituoni hatuchezei pesa wala hatununui pakiti. Anachofanya mtu kwao ni habari nyingine.)

Na kwao ndiko tatizo lilikotoka. Tuna kijana mmoja ambaye kaka yake alipata uhamisho wa kwenda nchi ya tatu, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Kaka anamtumia kitu kidogo, na kijana anakinunulia pakiti. Kuna mwingine ambaye amesubiri. Kila asubuhi na kila jioni anaazima simu ya shangazi yake, anafungua pakiti yake, anarudisha. Kulipotangazwa mashindano, na zawadi ikawa giga tano za intaneti, huyu wa pili akasema mbele ya wote: "Kaka, huyo hachezi yeye, inacheza hela." Wengi wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilitaka kwanza kujua kosa liko wapi. Hakuiba. Alipewa na ndugu yake, na ile hela si ya bure, kuna mtu hakulala ili ipatikane. Tukisema zawadi ya ndugu ni haramu, nusu ya nyumba za hapa zitafunga milango, maana nani kati yetu hajawahi kula cha ndugu aliye mbali?

Lakini kilichonisumbua zaidi ni upande wa pili, yule aliyesubiri. Wote walimwona ana haki zaidi, kwa sababu alisubiri siku mia. Hivi kusubiri ni sifa? Sisi tumefundishwa hivyo. Unasubiri posho, unasubiri hati, unasubiri jina lako libandikwe ubaoni, na anayesubiri bila kelele anaitwa mvumilivu. Nimekaa kwenye foleni nyingi, na naweza kusema foleni haikunifanya bora kuliko mtu asiyepanga foleni. Ilinichosha tu. Mchezo uliomfanya kijana asubiri siku 50 ulipangwa hivyo na watu wanaotaka wengine wachoke wanunue. Kusubiri kwake hakumstahilishi ushindi, sawa na hela isivyomstahilisha mwenzake. Kinachobaki ni kile alichofanya na karata zake: alizipangaje, alijua lini kuacha Pikachu apigwe na lini kumrudisha benchi.

Basi tukajaribu kuondoa vyote viwili, hela na kusubiri. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya umaskini wetu wenyewe. Simu zinazoweza kubeba mchezo huu kituoni ni nne, vijana ni zaidi ya thelathini, na mchezo haufunguki bila mtandao. Kwa hiyo wengi walikuwa wameshaanza kucheza kwa makaratasi: wanakata maboksi, wanaandika jina la mnyama, uhai na pigo lake, uhai wanauhesabu kwa maharage, na badala ya sarafu wanarusha kizibo cha soda. Kwenye boksi, Pikachu ex ana bei ya mstari mmoja wa bik. Kila mtu anaweza kuwa na kila karata. Nikasema hapa sasa ndipo usawa.

Wiki mbili. Ndani ya wiki mbili karibu kila meza ilikuwa na deki ileile. Mmoja alipata mtandao, akasoma deki iliyoshinda huko duniani, akaileta, wote wakainakili.

Wengine walikasirika wakasema kunakili ni wizi. Hapo siko nao. Hakuna anayesema kocha ameiba kwa kupanga 4-3-3. Mama anayeona jirani anapanda maharage katikati ya migomba naye akafanya hivyo, ni mjifunzaji. Ubaya niliouona ni mwingine. Nilimwuliza kijana mmoja kwa nini ameweka ile karata ya Sabrina mara mbili, ile inayomlazimisha mwenzako kubadilisha mnyama aliye mbele. Akasema, "Kwenye listi ndivyo ilivyo." Ile listi ilikuwa jibu la swali lililoulizwa mahali pengine, kati ya watu wengine, wanaokabili deki zisizochezwa hapa. Yeye alikuwa na jibu bila swali. (Rafiki zangu wa mashirika, sitasema zaidi. Lakini miradi mingapi imetufikia ikiwa hivyohivyo, mizuri sana, yenye nakala mbili za kitu tusichokihitaji.)

Ndipo likaja wazo la almasi moja: kila mtu atumie karata za almasi moja tu, zile za chini kabisa ambazo kila pakiti inazo. Wazo hili si letu. Kwenye Magic wanao mfumo unaoitwa Pauper, maana yake fukara, unaoruhusu karata za kawaida tu. Ulitambuliwa rasmi kwenye Magic Online mwaka 2008, na mwaka 2019 ukatambuliwa hata kwa karata za mkononi. Watu wenye hela zao wanaucheza kwa hiari, na wanaupenda, kwa sababu karata dogo zikibaki peke yake ndipo unaona kazi zake. Na kwetu ilikuwa hivyo. Deki zikawa tofauti tena. Mmoja akatengeneza ya majani inayojiponya mpaka mwenzake anachoka, na kelele ikarudi mezani.

Nilikuwa tayari kusema tumemaliza. Lakini dada mmoja, wa miaka kumi na saba hivi, anayetushinda karibu wote, akainua mkono. Akauliza: "Kwa nini usawa wetu sisi kila siku ni wa kushuka? Kwa nini usiwe wa kupanda?"

Nilimweleza habari ya Pauper, kwamba hata matajiri wanaicheza. Akasema wao wakimaliza wanarudi kwenye deki zao nyingine. "Sisi tukimaliza tunarudi wapi?"

Sijapata jibu la kumtosha. Nimejaribu hili: sheria ya almasi moja haimshushi mtu, inamwonyesha. Ni kweli kwa mchezo. Lakini yeye hakuwa anaongelea mchezo peke yake. Hapa kila kinachogawiwa kwa usawa kimekatwa mpaka kikatosha wote: mafuta, sabuni, nafasi za mafunzo. Tumezoea kuita haki kile ambacho kila mtu amepata kidogo sawa na mwenzake. Hata wazee wenye ikibuguzo, au bao kama tunavyoita sisi tuliokulia kambi za Tanzania, usawa wao si wa kupunguza. Kete ni 64, kila mmoja ana 32, na hakuna kete yenye nguvu kuliko nyingine. Hakuna aliyenyang'anywa kitu ili wawe sawa.

Tofauti ninayoiona ni nani ameweka sheria. Almasi moja tuliyoipiga kura sisi wenyewe, tunaweza kuivunja Jumamosi ijayo. Ile ya foleni hatukuipigia kura. Dada aliposikia hivyo akasema vizuri, basi tuipigie kura kweli, na si mimi nitangaze halafu niite kura.

Zawadi nayo imebaki kama mfupa kooni. Giga tano akipewa mshindi, uwezekano mkubwa ataenda nazo yule ambaye tayari ana simu, ana mtandao na ana listi. Mwenye mega anaongezewa mega. Wengine wanataka zigawanywe kwa wote, zitoke kidogokidogo zisizofungua hata video moja. Dada yetu anataka ziwekwe kwenye simu ya kituo, ili karata zote za almasi zote zisomwe na kuandikwa kwenye maboksi, kila mtu awe nazo, halafu tuone kama kweli tutarudi kunakili deki moja au safari hii kuna atakayetengeneza ya kuishinda.

Yule kijana mwenye kaka ng'ambo hakungoja kura. Jumanne nilimkuta nje ya kituo na simu yake, anasoma karata zake kwa sauti, uhai, pigo, nishati, na wadogo sita wamekaa chini wanaandika. Kura ni Jumamosi saa nane mchana, na mzazi au mfanyakazi wa shirika anayetaka kusikiliza anakaribishwa, ila hatapiga.