Tendo ni la Nani? Saikolojia-Jamii na Suala la Lawama

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumkabili mhusika kwa swali moja kuu: je, ana tabia gani? Miongozo inayotumiwa na wanafunzi wa shule za upili imejaa orodha za sifa: fulani ni katili, fulani ni mnafiki, fulani ana huruma. Kila sifa huthibitishwa kwa tendo, kisha tendo lilo hilo huelezwa kwa sifa. Mhusika amempiga mkewe kwa kuwa ni katili, na ukatili wake unajulikana kwa kuwa amempiga mkewe. Mzunguko huu hauwasumbui wengi madarasani. Hata hivyo, ipo taaluma ambayo imeutilia shaka kwa muda mrefu, nayo ni saikolojia-jamii. Makala haya yananuia kuitambulisha taaluma hiyo kwa wasomaji wa fasihi, si kwa kuzipitia mada zake moja baada ya nyingine, bali kwa kulifuata swali la kimaadili linalozuliwa na matokeo yake: ikiwa hali inayomzunguka mtu ndiyo inayomtendesha, lawama ni ya nani?

Mwaka 1954 Gordon Allport aliieleza saikolojia-jamii kuwa juhudi ya kufahamu jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na kuwapo kwa watu wengine, iwe wapo kweli, wanafikiriwa tu, au kuwapo kwao kunaashiriwa na mazingira. Kwa jamii ambayo imekuwa ikisema tangu jadi kwamba mtu ni watu, fasili hii haileti jambo geni. Kinachoitofautisha taaluma hii na hekima ya wazee ni mbinu yake. Haitosheki na kusema kwamba watu huathiriana. Hutaka kujua kwa kiasi gani, katika hali ipi, na ni kitu gani kikiondolewa athari hiyo hutoweka. Norman Triplett, ambaye utafiti wake wa mwaka 1898 huhesabiwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya uwanja huu, alianza kwa kuona kwamba waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wanaposhindana kuliko wanapokuwa peke yao, kisha akalipima wazo hilo kwa watoto waliozungusha vigurudumu vya uzi wa kuvulia samaki. Mwaka 1908 vikatoka vitabu viwili vilivyobeba jina la taaluma hii, kimoja cha William McDougall na kingine cha Edward Ross. Yote haya yangebaki mambo ya maktaba lau si vita. Kurt Lewin, Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 na kuhamia Marekani, ndiye aliyetilia mkazo kwamba tendo halina budi kuelezwa kwa mtu na mazingira yake kwa pamoja. Baada ya mwaka 1945 swali la taaluma likawa zito mno: maelfu ya watu wa kawaida, waliopenda watoto wao na kulipa kodi kwa wakati, waliwezaje kuendesha mitambo ya mauaji?

Stanley Milgram alilipeleka swali hilo maabarani katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, mwaka 1961, mwaka ule ule ambapo Adolf Eichmann alishtakiwa Jerusalem. Washiriki walipatikana kwa tangazo la gazeti lililoahidi dola 4.50. Waliambiwa kwamba utafiti ulihusu adhabu na kumbukumbu. Kila mshiriki aliketi mbele ya kifaa chenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, akaagizwa kumpiga kwa umeme mtu wa chumba cha pili kila alipokosea jibu. Mtu huyo alikuwa mshirika wa mtafiti na hakupata umeme wowote, lakini mshiriki hakujua. Kabla ya matokeo kujulikana, madaktari 40 wa maradhi ya akili waliombwa kukadiria. Walidhani ni mtu mmoja hivi katika elfu angefika swichi ya mwisho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika.

Takwimu hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali, na kwa bahati mbaya aghalabu hunukuliwa peke yake. Huachwa ile sehemu iliyo muhimu zaidi kwa mtu anayejali maadili, yaani majaribio yaliyofuata, ambapo Milgram alibadilisha jambo moja baada ya jingine. Mwadhibiwa alipoketi chumba kimoja na mshiriki, waliotii hadi mwisho walipungua wakawa asilimia 40. Mshiriki alipolazimika kuushika mkono wa mwadhibiwa na kuukandamiza kwenye bamba, wakawa asilimia 30. Mtafiti alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, wakawa asilimia 20 hivi. Na baadhi ya washiriki walimdanganya kwamba wanaongeza volti ilhali walikuwa wakibonyeza swichi ya chini kabisa. Washirika wawili waliojifanya wenzake walipogoma mbele yake, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Kwa upande mwingine, mshiriki alipopewa kazi ndogo ya pembeni huku mwingine akibonyeza swichi, 37 kati ya 40 waliendelea mpaka tamati.

Watu hawa walitoka katika mji mmoja, wakaitikia wito wa namna moja. Haielekei kwamba siku ya simu ilileta wapole na siku ya kazi za pembeni ikaleta makatili. Hapa ndipo lile swali la tabia linapoanza kuyumba. Lakini ni kosa kurukia hitimisho kwamba hali imetenda na mtu hakutenda. Hali hiyo ilifanyizwa na nini hasa? Ilifanyizwa na watu: aliyevaa koti la maabara, aliyelia ng'ambo ya ukuta, wenzake waliogoma au waliobonyeza. Anayesema kwamba mshiriki alisukumwa na hali anasema kwamba alisukumwa na wengine, na kwamba yeye naye, kwa kukaa au kuondoka, ni sehemu ya hali inayomsukuma jirani yake. Kwa mtazamo huu lawama haipotei. Inaongezewa wenyewe.

Sheria ya Kenya imelijua jambo hili kwa njia yake. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema, kwa muhtasari, kwamba watu wakiwa na nia moja ya kutekeleza jambo haramu, na kosa likatendeka kama matokeo yanayotarajika ya nia hiyo, kila mmoja huchukuliwa kuwa amelitenda. Sheria haigawi kosa vipande. Kila mtu hubeba gunia zima. Saikolojia-jamii kwa upande wake inaeleza ni kwa nini kila mtu huona kwamba hajabeba chochote. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambamo mwanafunzi alimsikia mwenzake, kupitia chombo cha mawasiliano, akipatwa na kifafa. Waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla ya sauti ya mgonjwa kukatika. Waliodhani kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo. Watafiti hao hawakuwaona kuwa watu wasiojali; wengi wa waliokaa kimya walikuwa wakitetemeka na kutokwa jasho. Walichokosa ni uhakika kwamba jambo lile lilikuwa lao. Mtu aliyewahi kushuhudia umati wa mjini ukimzunguka anayeitiwa mwizi hahitaji maabara ili kuuelewa ukimya huo.

Fasihi nayo ina ushahidi wake. Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, mna onyesho fupi ambalo wahakiki wengi hulipita haraka: kuuawa kwa Cinna, mshairi. Umati uliochochewa na hotuba ya Antonio unamkuta njiani. Unamuuliza jina lake, anakokwenda, anakokaa, na iwapo ana mke. Ana jina moja na mmojawapo wa waliomuua Kaisari. Anaeleza kwamba yeye ni mshairi, si yule mla njama. Maelezo hayamfai kitu. Ni vigumu kuliandikia onyesho hili orodha ya sifa za wahusika, kwani Shakespeare hakuwapa wauaji majina. Aliwapa nambari: raia wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mhakiki akitafuta katili haoni, ila maiti ipo.

Maelezo ya zamani, yale ya Gustave Le Bon ya mwaka 1895, yangesema kwamba umati huu umeshikwa na wazimu na kupoteza akili. Onyesho lenyewe linayakanusha maelezo hayo. Umati unahoji kwa utaratibu, kana kwamba ni mahakama, na unachagua wa kumdhuru kwa kigezo, japo kigezo chenyewe ni upuuzi. Stephen Reicher, alipozichunguza ghasia zilizozuka mwaka 1980 katika mtaa wa St Pauls mjini Bristol, alionyesha vivyo hivyo kwamba umati una mipaka na shabaha zake: polisi walishambuliwa, nyumba za wakazi hazikuguswa. Umati una kanuni. Na kitu chenye kanuni kinaweza kuulizwa juu ya kanuni zake, jambo lisilowezekana kwa mwendawazimu.

Mtu anaweza kupinga kwamba uhakiki wa Kiswahili haujawahi kulisahau suala la mazingira. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, imesomwa mara nyingi kama kisa cha malezi mabovu: baba mlevi na mkali mno, na binti anayepotoka baada ya kutoka chini ya mkono wake. Pingamizi hili lina uzito, ila linachanganya mambo mawili. Malezi ni mazingira ya jana yaliyokwisha kuingia ndani ya mtu na kugeuka tabia. Saikolojia-jamii huuliza juu ya mazingira ya sasa hivi: nani yumo chumbani, nani ametangulia kusema, nani anaangalia. Mhakiki anayetoka kwenye tabia na kuishia kwenye malezi amerudi nyuma hatua moja tu, na bado amemfungia mhusika ndani ya nafsi yake.

Mwelekeo huu wa kuieleza nafsi na kuisahau hali ulipewa jina na Lee Ross mwaka 1977, akauita kosa la msingi katika kutafuta sababu za matendo. Je, ni kosa la binadamu wote? Joan Miller, mwaka 1984, aliwalinganisha Wamarekani wa Chicago na Wahindu wa Mysore, akaona kwamba watu wazima wa Mysore hutaja hali zaidi na tabia kidogo. Kuna kishawishi cha kudai kwamba Waafrika nao, kwa ujamaa wao, wamesalimika. Madai hayo yana urahisi unaotia shaka. Lugha iliyotoa usemi kwamba mtu ni watu ndiyo hiyo hiyo iliyosema tabia haina dawa, na ndiyo inayotamka kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza.

Taaluma yenyewe si msahafu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio 100 ya kisaikolojia, na ni kama thuluthi moja tu yaliyotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu. Yale ya saikolojia-jamii yalifanya vibaya zaidi. Jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971 limeonekana kuwa na walinzi walioelekezwa mapema jinsi ya kuwa wakali. Milgram naye alilaumiwa na Diana Baumrind tangu mwaka 1964 kwa kuwahadaa na kuwatesa watu waliomwamini, na lawama hiyo haijapata jibu la kutosha. Mtu aliyetafiti jinsi mamlaka yanavyowatendesha watu maovu aliyatumia mamlaka ya sayansi kuwatendesha.

Kwa sababu hiyo jaribio lile haliwezi tena kurudiwa lote. Jerry Burger alipolirudia mwaka 2006 alikomea volti 150. Alichagua hapo kwa sababu, katika utaratibu uliotumia sauti ya mwadhibiwa, ndipo mwadhibiwa anapoomba kwa mara ya kwanza aachiliwe, na kumbukumbu za Milgram zinaonyesha kwamba asilimia 79 ya waliopita swichi hiyo walifika 450. Asilimia 70 ya washiriki wa Burger walikuwa tayari kuipita. Baada ya hapo swichi 20 zilizobaki hazikuwa na uamuzi mwingi ndani yake. Mahakama humkuta mtu kwenye swichi ya mwisho, na wahakiki wengi nao humsubiri mhusika huko huko, kwenye kilele cha hadithi.