Chimbeni Mitaro Kabla ya Mawingu

Somo: 2 Wafalme 3:9-20



Wafalme watatu walitembea siku saba jangwani, maji yakawaishia. Jeshi lina kiu, mifugo ina kiu. Walipomwendea Elisha kutafuta neno la Bwana, wakapewa kazi: bonde lote lichimbwe mitaro. Upepo hawataona, mvua hawataona, lakini maji yatakuja. Hebu fikiria kumwambia mtu mwenye kiu ashike jembe! Asubuhi maji yakaja kutoka upande wa Edomu, yakapata mahali pa kukaa.

Sisi wa Ukambani kiu tunaijua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Sasa ni Septemba, tunakesha tukiomba mvua ya vuli, na hatutaacha kuomba.

Lakini naanza kujihukumu mimi mchungaji wenu. Mwezi wa nne tulipanda miche 40 hapa kanisani. Tuliimba, tukapiga picha. Jumanne nilihesabu: iliyo hai ni 17. Kila siku nilikuwa naipita nikienda kuomba mvua! Roho akaniuliza, "Hiyo mvua ikija, itakuta nini?"

Najua kuna mama atasema, "Pasta, maji nanunua kwa mtungi. Ya mti nitoe wapi?" Ni kweli, mama. Mungu hakutumi uwanyime watoto maji ya kunywa. Lakini yale ya kuosha mboga na kusuuzia nguo, tunayamwaga wapi?

Mwagilia jioni jua likishuka, au alfajiri. Mimina pole pole chini, si kwa majani. Afadhali nusu mtungi mara mbili kwa wiki kuliko kikombe kila siku, kwa maana maji ya juu juu huacha mizizi juu juu, na jua likiwaka mti unakauka. Funika udongo kwa nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Chimba kibeseni kuzunguka mti, mvua ikinyesha isipite tu.

Mpendwa, hata wokovu uko hivyo. Ukinyunyiziwa Jumapili tu, jaribu la Jumatano litakukausha. Kaa na Neno mpaka lishuke chini kwenye mizizi.

Jumamosi hii saa moja asubuhi, njoo na jembe. Vijana watachimba mitaro, wazee tutatengeneza gata za tangi. Kila ushirika wa nyumbani utachukua mti wake, na mimi nimeshachukua ule uliokaribia kufa.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kuomba mvua na mikono mitupu. Tupe nguvu ya kuchimba kabla hatujaona wingu, na usiwasahau wanaolala na kiu usiku huu. Katika jina la Yesu. Amina.