Lugha Ambayo Mafia Haikuizaa

Kuna watu hutunga lugha kama wengine wanavyotunga riwaya. Mwaka 2002 Mholanzi Jan van Steenbergen alianza kuunda Wenedyk: Kilatini kama kingesikika leo endapo Wapolandi wangekirithi kutoka kwa Warumi. Mchezo mtamu, sikatai. Lakini je, historia ingeukubali?

Hebu tuulete mchezo huu nyumbani, Mafia. Wareno walifika pwani yetu 1498, wakaipora Kilwa 1505, na Waomani wakawafukuza Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Miaka 200! Warumi waliitawala Dacia kuanzia mwaka 106, kwa miaka kama 165 tu, na pande zile za Danube ndiko kulikozaliwa Kiromania, chenye maneno tele ya Waslavi. Sisi tumebaki na nini? Meza, kasha, bendera, mvinyo, karata, turufu. Na gereza, neno ambalo kwa Kireno lilikuwa kanisa.

Yatazame vizuri. Karibu yote ni majina ya vitu. Hakuna la kumbembelezea mtoto. Wareno hapa walikuwa wachache, walitaka ngome na ushuru. Kule Malacca walioa wenyeji, watoto wakabatizwa, na Kikristang, lugha iliyotokana na Kireno chao, ipo mpaka leo. Huku misikiti ilishasimama Kisimani kabla hawajaja, na mama ndani ya nyumba aliongea Kiswahili. Ngome huleta maneno. Lugha huletwa na anayelea.

Kwa hiyo “Kireno cha Mafia” kingewezekana? Ndiyo, ila kwa gharama. Walowezi waongezeke, misikiti ifungwe, bibi na mjukuu wasielewane. Hata Kiromania kina kaburi chini yake: lugha ya Wadacia wenyewe imekufa, imebaki majina ya watu, ya mahali na ya mimea.

Mimi nilijaribu kukitunga hicho Kireno chetu, nikiwa barazani Kilindoni. Meza ilikuwa rahisi, ipo tayari. Nilipofika kwenye neno “bibi” nikakwama. Ili nilibadilishe, ilibidi kwanza niamue nani alimnyamazisha wangu, na kwa njia gani.

Simkatazi mtu kutunga. Ninachodai ni kwamba anayetuletea lugha mpya atuambie pia ni akina nani waliacha kuongea. Asipotuambia, amefuta watu kwa kujiburudisha. Au nimezidisha, jamani? Nyie mnaonaje?