Mahindi ya Bukanga Lonzo na Kopo la Nyumbani

Sikilizeni habari ya baba mmoja aliyekaa jioni mlangoni pa nyumba yake. Mkewe alikuwa akisonga bukari, sombe imekwisha iva, na mtoto mdogo amelala magotini pa baba yake. Raha ya namna hii ni zawadi ya Mungu.

Ndipo redio ikasema kwamba siku ile, tarehe 20 Mei 2025, Mahakama ya Katiba huko Kinshasa ilimhukumu Bwana Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2012 hata 2016, miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa. Neno lenyewe lilikuwa fedha za shamba la Bukanga Lonzo, upande wa Kwango. Shamba lile lilianzishwa mwaka 2014 ili kuwalisha watu kwa mahindi. Mwaka 2017 kazi ikasimama. Mahakama iliona kwamba dola zaidi ya milioni 200 ziliibwa. Bwana Matata mwenyewe alikana kosa.

Baba yule akacheka kwa furaha. «Wezi wakubwa! Wamekula mahindi ya watoto wetu!»

Mkewe hakucheka. Akauliza kwa upole: «Baba watoto, kesho utapima kwa kopo lipi?»

Kwa maana nyumbani mle mlikuwa na makopo mawili. La kununulia mahindi ya wajane wakati wa mavuno, kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo hata kikatokeza nje. La kuuzia wakati wa njaa, kitako chake kiliingia ndani.

Si kusema kwamba kopo na mamilioni ni sawa. Dhambi ina uzito wake, na anayeiba mali ya nchi huwaibia hata wasiozaliwa bado. Mahakimu wafanye kazi yao, nasi tumwombee aliyehukumiwa. Lakini Amri ya Saba haikuandikwa kwa mawaziri peke yao.

Tena wako wakatekumeni wanaowaza hivi: Nikibatizwa, yote yamekwisha. Ni kweli, Ubatizo huondoa dhambi zote. Walakini maji matakatifu hayamgeuzi mbuzi wa jirani kuwa mbuzi wako. Mali ya watu hurudishwa. Na kama mwenyewe amekufa, hupewa watoto wake. Zakayo, mtoza ushuru, hakungoja mahakama: siku ile Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne.

Bukari ikaletwa. Baba akanawa, akaombea chakula, lakini tonge halikupita vema kooni. Usiku hakusema neno.

Jogoo alipowika, akajaza kikapu mahindi, akakichukua hata kwa mjane wa ng'ambo ya kijito. Mama yule mzee akatoka, akatazama kikapu, akauliza: «Mwanangu, haya ni ya deni gani?» Baba akasimama pale kitambo kirefu, kofia mkononi, akitafuta neno la kwanza.