Mwenye Magamba na Safu ya Sala

Amma baad. Yawapasa Waislamu wa Ilemba, na wa Ufipa yote, wajue ya kwamba soriasisi, maradhi ya mabaka yenye magamba meupe, si ukoma wala si choa. Hayaambukizi kwa mkono, wala kwa sahani moja, wala kwa mkeka. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyakiri hivyo mwaka 2014. Kinga ya mwili hukosea njia, ngozi ikaota kwa siku chache badala ya mwezi. Basi amsukumaye mwenziwe nyuma ya safu amemdhulumu. Naye mgonjwa asiyakwangue magamba kwa ajili ya udhu: yangali ngozi yake, maji yakipita juu yamtosha, na kukwangua huzidisha mabaka. Dawa ya kupaka hutuliza, haing'oi shina. Akipata nafuu asimwache tabibu, kwani maradhi haya huenda na kurudi, wala kurudi kwake si alama ya dhambi.