Kabla ya Kushuka Dunguni
Somo: 1 Samweli 30:1-25



Mvua zinapokaribia, wengi wetu hapa Bungu huanza kufunga mizigo. Wengine hushika njia ya Nyamisati, na kutoka huko huingia visiwa vya delta kulima mpunga. Wengine huteremka bondeni kwenye Mto Rufiji. Wengine ni wavuvi, nao hupiga dago mahali penye samaki na kamba. Kwa miezi kadhaa makao yao ni dungu au kibanda cha makuti. Basi mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo dogo la kila siku: namna mtu anavyoliacha dungu lake asubuhi anapokwenda kazini kutwa.

Vijana huuliza kwa nini watu wa huku wana makao mawili. Zamani wengi waliishi bondeni penye mashamba yao. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu mwaka 1969 na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Shule, zahanati na barabara vikawa juu, lakini udongo mzuri wa mpunga ukabaki chini. Ndiyo maana hata leo mkulima hulala chini wakati wa kazi, na nyumba yake i juu.

Makao ya namna hii si mageni katika Maandiko. Wana wa Israeli waliamriwa kukaa katika vibanda siku saba kila mwaka, ili wakumbuke kuwa Mungu aliwakalisha vibandani alipowatoa Misri (Mambo ya Walawi 23). Naye nabii Isaya, alipotaka kuonyesha upweke wa Sayuni, aliufananisha mji ule na kibanda cha mlinzi kilichosimama peke yake shambani. Kila aliyepata kuamia ndege katika mpunga humwelewa nabii bila kufafanuliwa.

Lakini somo letu leo ni kambi ya Daudi. Daudi na watu wake mia sita waliondoka Siklagi kwenda pamoja na Wafilisti, wakaacha wake zao na watoto wao nyuma. Walirudi siku ya tatu wakakuta mji umeteketezwa kwa moto, na watu wao wote wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Wanaume wale, watu wa vita, walilia hata nguvu zikawaishia. Kisha wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Hebu tuangalie mambo matatu.

KWANZA, MOTO. Dungu ni miti, makuti na nyasi. Hakuna kitu ndani yake kisichoungua. Mwenye busara hashuki kabla ya kutazama mafiga. Huvitoa vinga, huvizima kwa maji, hufukia majivu kwa udongo, kisha huweka mkono karibu apate kujua kama joto limekwisha. Moto uliofunikwa majivu huonekana umelala, lakini upepo wa saa nane mchana huja kuuamsha, na mwenyewe yuko mbali amepinda mgongo shambani.

Uko na moto mwingine ambao watu huuacha nyumbani asubuhi, nao ni neno kali lililosemwa na halikutengenezwa. Mume ameondoka amenuna, mke amebaki na kinyongo, na kila mmoja amefunika moto wake kwa majivu. Mtakatifu Paulo anawaonya Waefeso kwamba jua lisituchwee tungali na hasira. Sisi wa dunguni twaona inafaa pia lisituchomozee tungali nayo, maana njia za delta zina viboko, mamba na mikondo ya maji, na aliyeondoka bila amani hana ahadi ya jioni. Tusishuke ngazi kabla ya kuuzima moto huo.

PILI, NGAZI NA MLANGO. Moto ukiisha kuzimwa, mtu hutundika mbegu yake juu kwenye mwamba wa paa, mbali na panya. Huweka kiberiti katika chupa yenye kifuniko. Hufunika maji. Hufunga mlango kwa kamba, maana ngedere wana mikono kama sisi. Akishuka, huondoa ngazi na kuilaza majanini. Mvuvi naye hutazama mwezi kabla ya kufunga mtumbwi wake. Siku za bamvua maji hujaa sana na hupwa sana, na kamba fupi huuzamisha mtumbwi uliofungwa kwayo. Lazima aiachie kamba nafasi, na afunge penye mti ulio hai.

Kazi hizi hufanywa asubuhi kwa faida ya jioni. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji. Alipouawa alikutwa ana jipu kubwa chini ya gego lake. Wataalamu walioandika mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba katika Tanzania tangu mwaka 1990. Walieleza na chanzo: nguruwe mwitu hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mkulima aliyelala shambani kuwalinda nguruwe hujikuta kati yao, ndani ya kibanda kibovu. Basi ukuta uliotoboka hutengenezwa mchana. Aliyerudi gizani, amechoka, ana njaa, hawezi tena kukata fito wala kutafuta kamba.

Ndivyo ilivyo na sala ya asubuhi. Twaomba tungali na nguvu, ili jioni tutakapokuwa hatuna nguvu tukute ukuta umesimama. Bwana wetu aliwasifu watumishi ambao taa zao zilikuwa tayari kabla bwana wao hajarudi (Luka 12). Taa haitiwi mafuta gizani.

TATU, WATU. Hapa ndipo tunapotaka ninyi, wapenzi, mtusikilize zaidi. Siklagi haikukosa ukuta tu. Ilikosa mtu mzima wa kuwalinda wanyonge. Wenye nguvu wote waliondoka pamoja, na waliobaki ni wale wasioweza kujitetea.

Kila mwaka, mpunga unapoanza kutoa suke, viti vya madarasani huanza kubaki vitupu. Mtoto wa miaka tisa yuko dunguni. Ameachwa na chungu cha uji, kombeo na debe la kugonga, na baba na mama wamekwenda ng'ambo ya mto hata jioni. Wazazi husema, "Dungu liko salama, tumemwacha mtoto." Twauliza kwa upendo: mtoto huyo amelindwa na nani? Tumemfanya kufuli la mlango wetu. Kufuli ni chuma, halisikii njaa, haliogopi nyoka, wala halipotezi mwaka wa shule. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mtoto aliyefikia umri sharti aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, ubatizo wake ungetutosha. Tulimpokea mbele ya kanisa, tukaahidi kumlea.

Twajua yupo mama mjane atakayetujibu hivi: "Maneno yenu ni mazuri. Nikimpeleka mtoto shuleni, ngedere na ndege watakula mpunga wangu, na mwezi wa nane mtoto huyohuyo atalia njaa. Je, mtanisaidia?" Mama huyu anasema kweli, wala hatuna ruhusa ya kumhubiria kisha tukaenda zetu. Kama kanisa halina jibu la swali lake, hubiri hili ni debe tupu.

Jibu twalipata katika sehemu ya pili ya hadithi ya Daudi. Alipowafuatia Waamaleki, watu mia mbili walishindwa kuvuka kijito cha Besori kwa kuchoka. Daudi hakuwafukuza. Aliwaacha pale walinde vyombo. Njiani alimkuta kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki, ambaye bwana wake alimwacha kondeni kwa kuwa ameugua. Siku tatu hakula wala hakunywa. Walimpa mkate, tini na maji, roho yake ikarudi, naye ndiye aliyewaongoza hata kambi ya adui. Angalieni: Waamaleki waliangamia kwa sababu ya mtu mmoja mnyonge waliyemwacha nyuma kama kitu kisicho na thamani. Na Daudi aliokoa watu wake wote, hakuna aliyepotea, mdogo wala mkubwa.

Waliporudi, watu wabaya walikataa kuwagawia nyara wale mia mbili. Daudi akaweka amri katika Israeli kwamba aliyekwenda vitani na aliyekaa penye vyombo wapate sehemu sawa. Wapenzi, amri hiyo yafaa kuwa amri ya Bungu pia. Wapo kati yetu wazee wasioweza tena kushika jembe bondeni, na akina mama ambao kazi zao ziko hapa juu. Hao wawapokee watoto wa wenzao wakati wa mpunga, wale nao, walale nao, wawaamshe kwenda shule. Na wale wa bondeni wenye madungu jirani wafanye zamu: leo huyu hulinda mashamba matatu, kesho yule. Mjane awekwe katika zamu wa kwanza. Kisha wakati wa mavuno, gunia lisipitishwe mbele ya mlango wa bibi aliyelea watoto kana kwamba hakufanya kazi. Yeye alikaa penye vyombo. Apewe sehemu yake kama haki, asipewe kama sadaka.

Jirani zetu Waislamu wana watoto haohao na ngedere haohao. Zamu ya madungu haina haja ya kuuliza mtu husali wapi. Tuwaalike, nasi tukialikwa twende.

Twamalizia kwa onyo, tusije tukadhani kamba na kufuli zatosha. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Yaliyafikia madungu yaliyofungwa vizuri na yaliyofungwa vibaya. Zaburi ya 127 yatufundisha kuwa Bwana asipoulinda mji, mlinzi akesha bure. Lakini haikumwambia mlinzi alale. Tunafunga mlango wetu kwa bidii, na pale mikono yetu inapokoma twamwachia yeye ambaye, kama isemavyo Zaburi ya 121, hulinda kutoka kwetu na kuingia kwetu.

Basi asubuhi, kabla mguu haujagusa ngazi, tujiulize maswali matatu: Moto umezimwa? Mlango umefungwa? Na yule mdogo kuliko wote, nimemwacha mikononi mwa nani?

Tuombe. Ee Mungu, uliyewakalisha watu wako vibandani wala hukuwaacha, wabariki wote walalao mashambani na madagoni. Uwalinde na moto, na mnyama, na maji mengi. Utupe moyo wa kubeba mizigo ya wajane, na mikono ya kuwapokea watoto. Utufanye tugawane kwa haki ulichotupa, aliyekwenda na aliyebaki. Na safari zetu zote zikiisha, utupokee katika nyumba isiyofanywa kwa mikono, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.