Je, Ni Haki Kumcheka Mjomba?



Kila jamaa ina kisa chake kinachorudiwa watu wanapokusanyika, iwe harusini au siku ya Krismasi. Kwetu ni kisa cha mjomba na nyani. Nimekisimulia mara nyingi mno, na leo nataka kuuliza kama nilikuwa na haki ya kukisimulia.

Mwaka 1972 mjomba wangu alikuwa na shamba la mahindi chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza. Mahindi yalipoanza kubeba, alishinda dunguni tangu alfajiri akiyalinda na nyani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, mwenye desturi ya kuwakemea vijana waliokuja ibadani na nguo za kubana. Siku moja jua lilipokuwa kali alishuka kijitoni kuoga. Nguo zake alizifunga ndani ya shuka pamoja na muhogo wa kuchemsha, akaliweka furushi juu ya jiwe. Nyani dume akaunusa muhogo, akalinyakua furushi lote, akapanda nalo mkuyuni. Mjomba alipomtupia jiwe, nyani alimwonyesha meno. Na mtu aliye uchi hana ushujaa mwingi. Akakata jani la mgomba, akajisitiri, akashika njia ya nyumbani. Huko akakutana na akina mama wakienda kuteka maji. Hata jua lilipokuchwa, kijiji kizima kilikuwa na habari.

Je, ni dhambi kucheka? Sidhani. Sara alicheka, na mtoto wa ahadi akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kicheko. Tena mtu awezaye kujicheka mwenyewe amekwisha kushinda nusu ya kiburi chake. Mjomba alicheka pamoja nasi, na tangu siku ile vijana walipata nafuu kidogo kanisani.

Lakini katika Mwanzo, sura ya 9, kimo kisa kinachofanana na hiki. Nuhu alilewa divai, akalala uchi hemani. Hamu, mwanawe, akamwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaingia kinyumenyume wasimtazame, wakamfunika. Wote watatu walikuwa na habari ile ile. Walitofautiana katika yale waliyofanya nayo. Siku hizi Hamu hana haja hata ya kutoka hemani. Anayo simu mkononi, na picha huenea kabla mzee hajaamka.

Mimi nilidhani si Hamu. Mwaka 1991, katika harusi ya binti wa mjomba, nilisimama mbele ya wageni wa upande wa bwana harusi nikakisimulia kisa chetu, na chumvi nikaongeza: jani likawa dogo, akina mama wakawa wengi. Watu walicheka hata machozi yakawatoka. Mjomba alitabasamu, akainama akitazama viatu vyake. Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwamkia. Aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, umesimulia vizuri. Ila hukuwaambia nilikuwa nafanya nini kule shambani."

Nilikosa la kusema, kwa maana nililijua. Wakulima wanafahamu kwamba nyani hamwogopi mtoto wala mwanamke kama amwogopavyo mwanamume, na kwamba watoto wengi wamekosa masomo kwa ajili ya kulinda mahindi. Mwaka ule nilikuwa darasa la saba, nikikaa nyumbani kwake. Zamu ya dunguni ilikuwa yangu. Mjomba aliniondoa, akapanda mwenyewe, ili nisikose vipindi kabla ya mtihani. Nyani alimvua nguo mara moja. Mimi nilimvua kila Krismasi.

Nilimwomba radhi, naye akanipa mkono. Tangu hapo nimeona kwamba swali la haki haliko katika kicheko chenyewe, bali katika kile tunachokiacha tunaposimulia. Sisi wa nyumbani tulipomcheka mjomba tulikuwa tunajua pia uaminifu wake, kazi yake na ukarimu wake; kisa cha nyani kilikuwa jambo moja kati ya mengi. Wale wageni wa harusini hawakujua lingine lolote. Kwao mjomba alikuwa ni mtu wa jani la mgomba basi. Kuusema ukweli nusu, na kuichagua ile nusu yenye aibu, ni kumtendea mwenzetu udhalimu hata kama kila neno ni la kweli. Nasi wakristo tunaosimuliana habari za jirani baada ya ibada, tujiulize: tunaowaambia wanamjua mtu huyu kwa lipi lingine?

Mjomba amekwisha kulala katika Bwana. Wajukuu wangu bado wanakidai kisa chake, nami nawapa chote, pamoja na mkuyu, jani na akina mama. Ila sasa naanzia dunguni, na sababu ya yeye kuwa pale. Wanacheka vile vile. Wakimaliza kucheka, huniuliza kama ule mtihani nilifaulu.